Chumba cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Leo mwalimu wa historia ametangaza mbele ya darasa zima kwamba fomu yetu ya maombi imekubaliwa, kisha akanitaja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Serikali itatoa fedha za kukarabati jumba la shamba, lile la juu ya kilima ambalo tangu nizaliwe limekuwa makazi ya popo. Maelezo ya vyumba niliyaandika mimi. Mwalimu aliniomba wakati wa likizo kwa sababu ya mwandiko wangu na, nadhani, kwa sababu alijua sina pa kwenda. Ni vyumba kumi na saba, na kila kimoja nilikiandikia matumizi yake ya awali. Hilo ndilo sharti la mfuko wa urithi: kila chumba kirudishwe kilivyokuwa awali, kama ilivyoandikwa.

Msichana wa dawati la nyuma aliuliza kama fedha hizo za umma haziwezi kuanzia kwenye paa la darasa letu, maana linavuja. Watu wakacheka. Mwalimu akasema hayo ni mafungu mawili tofauti.

Mama naye amepata kazi huko huko. Ni fundi wa chokaa. Nyumba za zamani hazitaki saruji, na mafundi wanaojua chokaa wamebaki wa kuhesabika. Kaambiwa miezi sita. Sisi hatujawahi kuwa na miezi sita ya kitu chochote. Jioni alipika huku akiimba, nami nikaenda kununua daftari hili.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu yapo, mvua hakuna. Jaribio la hesabu: tuyaache.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia kwenye jumba kwa mara ya kwanza. Nililiandika lote bila kulikanyaga, kwa kutumia ramani ya zamani na vitabu viwili vya maktaba.

Mlangoni nilipokewa na Kimya, msaidizi wa Mama anayechanganya chokaa. Anaitwa Kimya kwa sababu hanyamazi.

"Profesa kaja! Pisheni, pisheni! Shika ndoo, Profesa. Hii haisomwi, inabebwa."

Msimamizi wa kazi tunamwita Bwana Ramani, kwa kuwa hatembei bila karatasi iliyoviringishwa kwapani. Alinitembeza yeye mwenyewe: ukumbi, chumba cha kulia, ngazi iliyoliwa na mchwa. Mwisho tukashuka vidato vitatu nyuma ya jiko hadi mlango mnene wa mbao. Akafungua karatasi akanisomea maneno yangu mwenyewe, nami nikaangalia viatu.

"'Chumba cha wageni. Hapa walilala ndugu na marafiki wa familia waliokuja kutembea kutoka mbali.' Umeandika vizuri sana, binti. Mkaguzi wa mfuko amekisifu hiki kuliko vyote. Tutaweka kitanda, kioo na beseni la kunawia uso."

Niliikumbuka ramani. Vyumba vingine vyote viliandikwa kwa lugha ya mwenye shamba, kwa wino mweusi. Hiki peke yake kiliandikwa kwa Kiswahili, kwa penseli na kwa mkono mwingine: *Wageni*. Nilipokiona nilifurahi kwamba kuna neno moja nisilohitaji kulitafuta kwenye kamusi.

Dirisha lake ni moja, dogo, liko juu na lina vyuma. Kimya alisema wageni wa zamani hawakupenda jua.

Mama ana desturi ya kubisha hodi kila anapoanza kazi kwenye nyumba iliyokaa tupu. Hujibiwi, lakini unasubiri kidogo, halafu unaingia. Mlangoni pale alisema hodi, akasubiri, akaendelea kusubiri.

"Vipi, Mama?"

"Si kitu. Nimesema hodi, nikasikia hodi." Akashika ndoo yake. "Mwangwi. Chumba hakina kitu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza wakati wa somo la baiolojia. Tumesogeza madawati.

Ijumaa, 14 Machi

Vyumba vingine vinakauka, cha wageni hakikauki. Mama alikipaka chokaa Jumatatu, na leo ukuta ni mbichi kama umepakwa asubuhi. Unyevu hauanzii chini kama unyevu wa kawaida. Umejitokeza kwa madoa, moja kando ya lingine, kuzunguka kuta zote nne. Nilipopita baada ya shule Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, anayatazama.

"Keti pale chini," akaniambia. "Egemea ukuta."

Niliketi. Akaangalia ukuta, akaniangalia, akaniambia niinuke haraka. Nilipogeuka nikaona mwenyewe. Kila doa lina upana wa mgongo, na linaishia pale mabega ya mtu aliyeketi yanapoishia.

Bwana Ramani ameagiza kuta zikwanguliwe hadi kwenye mawe, zipigwe lipu mpya.

Jumapili, 16 Machi

Bibi, mama yake Mama, anaishi nasi. Kazaliwa chini ya kilima kile na hajawahi kukipanda. Leo alikuwa anashona kifungo cha sare yangu, nami nikamweleza habari za jumba: kitanda, kioo, beseni, chumba cha wageni.

"Wageni gani?"

"Wa mwenye shamba, Bibi. Marafiki zake."

Akakata uzi kwa meno. "Haya. Kama kitabu chako kimesema."

Alhamisi, 20 Machi

Nimempelekea Mama mwavuli. Nimemkuta Kimya ameketi nje, kwenye vidato, mvua inamnyeshea, na hasemi neno. Nikataka kumtania kwamba leo anastahili jina lake. Uso wake ulinizuia.

"Profesa, wewe umesoma," akasema. "Mtu akibisha hodi unaitikia nini?"

"Karibu."

"Karibu wapi? Yeye yuko ndani. Mimi ndiye niliye nje."

Mama akatokea na ndoo akamwambia aache kumtisha mtoto na aende akachekeche mchanga. Kimya akaenda. Ila Mama naye, niliona, alifungua mwavuli humo humo chini ya paa na kushuka kilima bila kugeuka nyuma.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha mpaka kesho nitaanza kuyatengeneza.

Nilikuwa nasaidia kukwangua. Saa nne hivi Mama alikwenda bombani kuchota maji, na Kimya alikuwa uani anakoroga chokaa. Nilibaki peke yangu chumbani, nimepiga magoti, nakwangua sehemu ya chini ya ukuta. Chini ya tabaka la nne au la tano la chokaa nikafikia lipu ya zamani, ngumu na nyeusi, na juu yake kuna michirizi mifupi iliyochorwa kwa kitu kidogo kigumu, kifungo labda, au kucha. Mingine imesimama, mingine imelala. Imejaa hadi pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika, na juu ya hapo hakuna hata mmoja. Niliifuata kwa magoti kuelekea mlangoni. Kadiri nilivyokaribia mlango ndivyo ilivyozidi.

Kisha nikautazama mlango wenyewe kwa upande wa ndani. Kuna mahali pamoja, si pa juu, ambapo mbao imelika na kuwa bonde laini kama jiwe la kunolea visu. Nilikuwa bado najiuliza ni kitu gani kinaweza kuila mbao ngumu namna ile, upepo ukaja na mlango ukajifunga. Komeo likateleza. Nililisikia likiingia mahali pake, upande wa nje.

Kwa ndani hakuna komeo. Hakuna hata tundu la ufunguo. Nilikuwa nimepita mlango huo mara ishirini bila kuliona hilo.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele, hata nyoka alipoingia darasani sikupiga. Nilikunja ngumi nikagonga, na ngumi yangu ikaingia kwenye lile bonde kama yai kwenye kiota. Nikasema, "Hodi." Sijui kwa nini nilisema hodi. Nani anabisha hodi ili atoke?

Nyuma yangu, chini, kwa sauti ndogo ya watu wengi kwa pamoja, kama darasa linapomwitikia mwalimu lisiyempenda, ikasemwa: "Hodi."

Nikajiambia mwangwi. Nikafunga mdomo nikaubana kwa mkono ili nihakikishe.

Ikasemwa tena.

Sikugeuka. Niliweka paji la uso kwenye mbao nikabaki hivyo. Mgongo wangu ulikuwa baridi, baridi ya mahali palipo na watu waliolowa. Sijui ni muda gani. Komeo likavutwa na Mama akasimama mbele yangu na ndoo mbili, maji yanamwagikia miguu yake.

"Jamani, mbona mlikuwa mnabisha hivyo? Nimewasikia kutoka bombani."

*Mlikuwa*, alisema. *Nimewasikia*. Sikumsahihisha. Naye baada ya kusema alitazama nyuma yangu, akakiangalia chumba chote kona kwa kona, akanishika mkono akanitoa.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Bibi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akanywa.

"Mama yangu aliletwa hapa kwa lori," akasema. "Yeye na wenzake, kutoka mbali, kuja kuchuma shambani. Waliofika karibuni walifungiwa mle mwezi mzima, jua likizama, wasitoroke. Mpaka wazoee. Mnyapara aliwaita wageni. Kila jioni: 'Wageni wameingia wote?' Mama yangu aliitwa mgeni hata baada ya kunizaa mimi. Amekufa anaitwa mgeni."

"Na hodi?"

"Huo ulikuwa mchezo wa mnyapara. Asubuhi anakuja na ufunguo wa kufuli, anasimama nje. Hafungui mpaka wabishe hodi kutoka ndani, kwa adabu, wote kwa pamoja. Akiridhika anasema, 'Piteni.' Siku nyingine hajibu. Anakwenda kunywa chai kwanza."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bibi akangoja ipungue.

"Mwaka mmoja mto ulijaa, mnyapara akakwama ng'ambo na ufunguo wake. Wenye nyumba walikuwa safarini. Siku tatu. Mama yangu alitoka. Si wote waliotoka."

"Wangapi, Bibi?"

"Nani alihesabu wageni?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wiki iliyopita, kwa nini hakuniambia tangu likizo, nilipokuwa naandika hapa hapa mezani mbele yake. Akanijibu bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Hukuniuliza, mjukuu wangu. Uliniambia."

Jumatatu, 24 Machi

Nilimsubiri mwalimu wa historia nje ya ofisi hadi wengine wakaondoka. Nilikuwa nimeandika pembeni ya daftari nitakachosema, la sivyo ningesahau. Alisikiliza. Kisha akasema fomu ilishapigwa mhuri, mkaguzi wa mfuko anakuja Ijumaa, na neno mgeni kila mtu anajua maana yake.

"Na komeo, mwalimu?"

Akafuta ubao uliokuwa tayari umefutwa. "Ukisema kuna kosa kwenye fomu, wanasimamisha kazi. Mama yako yuko kwenye kazi hiyo. Umelifikiria hilo?"

Nimelifikiria. Sijafikiria kitu kingine.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sijala shuleni.

Jumatano, 26 Machi

Tumegombana, mimi na Mama, kwa mara ya kwanza maishani. Bwana Ramani anataka lipu ya chumba kile iwe imekamilika kesho, mkaguzi akute ukuta safi. Nikamwambia Mama asiipige. Nikamwambia ataifunika ile michirizi milele.

"Bibi yako kaniambia na mimi," akasema. "Unadhani peke yako ndiye mwenye masikio? Ni bibi yangu aliyekuwa mle, si wa jirani."

"Sasa?"

"Sasa wewe umeandika, mimi napiga lipu. Ukilifuta la kwako, na mimi nimefutwa. Unajua nimeingojea kazi hii tangu lini?"

"Mama, wamo mle."

"Najua wamo!" Alipiga meza, Bibi akatoka chumbani kwake.

Alhamisi, 27 Machi

Mama amerudi na mikono myeupe hadi viwiko.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Niliandika hapa kurasa mbili juu yake. Nimezichana.

Ijumaa, 28 Machi

Mkaguzi ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mabuti ya mpira. Mwalimu alinileta kwa sababu mimi ndiye mwandishi, akanionya kwa macho. Tulipita vyumba kumi na sita, na mkaguzi aliweka alama ya vema kila mahali. Tukashuka vile vidato vitatu.

Mama alikuwa mle, amesimama wima, mwiko mkononi. Kuta zilikuwa nyeupe na laini kuanzia darini hadi usawa wa mabega ya mtu aliyeketi. Hapo lipu iliishia. Aliikata kwa mwiko mstari ulionyooka kuzunguka chumba chote, safi kama ukingo wa fremu, na chini yake michirizi yote ilionekana. Aliipiga brashi hadi vumbi la mwisho. Nilikumbuka kurasa nilizozichana na masikio yangu yakawaka moto.

Bwana Ramani akapandisha karatasi kwapani. "Fundi, hii nini?"

"Ndipo lipu ilipokubali kuishia," akasema Mama.

"Lipu imekubali? Lipu siku hizi inaulizwa?"

Mkaguzi akasoma maelezo, akatazama ukuta, akauliza nani ameyaandika. Wote wakanigeukia. Sauti yangu haikuwepo. Niliitafuta, haikuwepo kabisa. Basi nikaushika mlango nikauvuta, nikamwonyesha komeo.

"Ndiyo?" akasema.

"Liko nje," nikasema.

"Naona."

"Mgeni gani anafungiwa kwa nje?"

Baada ya hapo yote yakatoka: lori, mnyapara, mto, siku tatu, na kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika marafiki wa familia. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Mkaguzi alichuchumaa, akavua glavu, akagusa michirizi. Kisha akainua kichwa.

"Nani amesema hodi?"

Bwana Ramani alikuwa anatazama dirisha lile dogo, midomo imekauka.

Kazi ya upande wote wa nyuma imesimamishwa hadi maelezo yaandikwe upya na kamati ya mfuko ikae. Lini, hakuna anayejua. Mama na Kimya wameambiwa wasubiri nyumbani. Njiani Kimya alibeba ndoo zote nne na hakusema hata neno moja. Mama ndiye aliyesema, tulipofika mlangoni kwetu:

"Haya, Profesa. Andika sasa. Andika polepole, muda tunao."

Jumapili, 30 Machi

Bibi anasema, mimi naandika. Nauliza, halafu nangoja.

Jumatano, 2 Aprili

Tumeyatuma. Ni mistari tisa tu. Bibi alikataa wa kumi, alisema huo ni wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama ameuza ngazi yake ndefu. Mvua, mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Kamati imejibu! Maelezo mapya yamekubaliwa, kazi inaanza tena Jumatatu, na Mama amerudishwa. Nilimrukia shingoni. Bwana Ramani mwenyewe ndiye aliyeleta barua, na kwenye mfuko wa koti lake kulikuwa na kitu kizito.

Nimeisoma barua hadi mwisho. Sharti ni lile lile, neno kwa neno: kila chumba kirudishwe kilivyokuwa awali, kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo hakuna kitanda wala kioo. Komeo litapakwa mafuta, mlango utafungwa, na watu watachungulia kupitia tundu litakalotobolewa ukutani. Bwana Ramani akatoa kile kitu mfukoni atuonyeshe. Ni kufuli jipya, kubwa kama kiganja. Litawekwa Jumatatu asubuhi.

"Kama ulivyoandika, binti," akasema. Hakuwa ananisimanga. Alidhani amenifurahisha.

Bibi aliliomba, akalipima uzito mkononi, akamrudishia.

"Kesho," akatuambia alipoondoka, "nitapanda kilima."

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi mvua ilikuwa ya manyunyu, jua linapita katikati yake. Tulipanda polepole, Bibi katikati, Mama na mimi tumemshika mikono. Alipumzika mara tatu. Jumba lilikuwa tupu, jukwaa la mbao limesimama peke yake. Hatukukutana na mtu.

Tuliposhuka vidato vile vitatu Bibi hakutaka tena kushikwa. Alisimama mbele ya mlango, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Mlango ulikuwa umefungwa na komeo limeingia. Tukangoja.

Haikuchukua muda. Ilitoka chini, upande wa pili wa mbao, kwa pamoja na kwa adabu.

"Hodi."

Mama akafumba macho. Nilimtazama Bibi, nikijua jibu ni lake, maana mama yake ndiye aliyebisha mlango huu. Akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye uliyewaandika," akasema. "Jibu."

Nikavuta komeo. Lilikuwa zito, likalia. Nikaufungua mlango wote hadi ukagusa ukuta, nikasema, kwa sauti ambayo hata darasani sijawahi kuitumia:

"Piteni."

Kisha nikasogea pembeni. Mama akasogea. Bibi akavuta upindo wa nguo yake, kama unavyofanya unapompisha mtu kwenye njia nyembamba, akaegemea ukuta.

Tulisimama hivyo muda mrefu. Walikuwa wengi.